Zebaki Kwenye Komputa ya Masara

Fundi Mellen Nyanchoka hajawahi kunipiga, lakini amenirushia bisibisi mara mbili. Ya kwanza ilinipita sikioni. Ya pili ilitua katikati ya kava zangu za simu, na hadi leo hajaniomba msamaha. Nilistahili zote mbili, nasema mwenyewe. Mara ya kwanza nilipuliza vumbi kwa mdomo ndani ya komputa iliyofunguliwa, na mate yangu yakafika mahali ambapo mate hayatakiwi. Mara ya pili niligusa prosesa kwa kidole kilichotoka kushika mandazi.

"Phanice!" alifoka. "Hiyo kidole yako iko na mafuta! Sasa nipake pesti juu ya mandazi?"

Tunagawana chumba kimoja hapa Migori, karibu na soko. Mimi nauza kava na chaja upande wa mbele. Yeye yuko nyuma na meza yake, taa yake na hasira zake. Wateja humwita Fundi Mkali wakidhani hasikii. Nimekaa naye miaka sita, na nataka ijulikane kwamba mwanamke huyu hakuzaliwa akifoka. Hasira yake ina mahali ilikotoka.

Alikuja kutoka upande wa Kisii akiwa msichana, akaajiriwa kufanya usafi katika shule moja ya sekondari ambayo siitaji, kwa sababu mwalimu mkuu wa wakati ule bado yu hai na anapenda kesi. Kwenye stoo ya shule kulikuwa na komputa kumi na mbili zilizotangazwa kuwa zimekufa. Wakati wa likizo Mellen alizifungua moja moja kwa bisibisi ya kuazima, akakuta ugonjwa wa nyingi ni mmoja: pesti ilikuwa imekauka.

Pesti, kwa asiyewahi kuiona, ni ule uji mzito wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa komputa, na kipande cha alumini chenye feni kinachokaa juu yake. Kipande hicho sisi tunakiita kipozajoto. Prosesa ikifanya kazi huchemka. Pesti hulibeba joto hilo na kulipeleka kwenye alumini, na feni hulipuliza nje. Pesti ikikauka na kupasukapasuka, joto halina pa kupita, na komputa hujizima yenyewe ili isiungue. Mellen alizifuta, akazipaka upya, na komputa tisa zikafufuka.

Mwalimu mkuu alifanya nini? Alimwita bwana mmoja mwenye tai aje kupigwa picha akikabidhi "mradi". Mellen aliambiwa alete chai. Ninaposema hivi hata mimi nakasirika, na sikuwapo. Yeye anaposimulia hushika meza kwa mikono miwili kana kwamba meza itamtoroka. Aliacha kazi wiki ile ile. Tangu hapo, mtu akifanya kazi ya komputa kwa uzembe, Mellen huona kama ametukanwa yeye.

Sasa nije kwa Omanga.

Omanga alikuja kwetu akiwa mtu mzima wa miaka arobaini, baba wa watoto wanne. Alikuwa amechimba dhahabu kule Masara zaidi ya miaka ishirini, mpaka siku maji yalipobomoa shimo akiwa ndani. Yeye alitolewa. Wenzake wawili hawakutoka. Alisimama mlangoni petu, kofia mkononi, akamwambia Mellen, "Mwalimu, nifunze kitu naweza fanya nikiwa juu ya ardhi." Maneno kama hayo hata Mellen hana pa kuyakatalia.

Akamfundisha kwa kelele, maana hana njia nyingine.

"Washa mashine dakika tano, pesti ilainike. Zima. Sasa chomoa waya kwa ukuta. Chomoa, Omanga, si kubonyeza swichi tu! Finya kitufe cha kuwasha, umeme yenye imebaki ndani iishe. Gusa chuma ya kasha, mwili yako pia iko na umeme ya kuua prosesa. Ngoja ipoe kidogo isikuchome. Haya, zungusha kipozajoto polepole, kulia, kushoto. Usivute! Ukivuta itakuja na prosesa na pini zake zote, na mimi nitakuja na wewe."

Kufuta ni kwa spiriti kali na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pamba hapana, pamba huacha nywele. Unafuta ukitoka pembeni kuja katikati, usije ukasukuma uchafu kwenye soketi ambamo prosesa hukaa, na kitambaa kikichafuka unakigeuza. Spiriti ikishakauka, unaweka pesti mpya kiasi cha punje moja ya mchele, katikati. Hupaki kwa kidole. Kipozajoto chenyewe kikikandamizwa kitaisambaza. Skrubu unazikaza kidogokidogo, hii na ile ya pembe ya mbali, ili mgandamizo uwe sawa. Mwisho unaosha mikono kabla ya kushika chakula. Ninayajua haya yote kwa kichwa na sijawahi kutengeneza komputa hata moja.

Omanga aliyajua pia. Lakini mkono wake! Punje ya mchele ilikuwa ikigeuka tonge la ugali. Alipaka pesti kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa wageni. Mellen alivumilia miezi minane, na kwa Mellen hiyo ni miaka minane. Kisha siku moja pesti ikamwagika hadi ndani ya soketi ya komputa ya mwalimu mmoja, na Mellen akaupokonya mrija wa pesti mkononi mwa Omanga mbele ya wateja watano.

"Wewe ni mzembe! Mzembe! Usiguse pesti yangu tena. Nenda utafute yako!"

Omanga alivaa kofia yake akaondoka. Baada ya wiki mbili tulisikia amefungua kibanda cha ufundi huko huko Masara. Nilimwambia Mellen kwamba safari ile alikuwa amezidisha, akaniuliza kama nataka bisibisi ya tatu.

Miezi minne ilipita. Jumanne moja asubuhi akaingia Bogonko amekumbatia komputa ya mezani. Bogonko ni mnunuzi wa dhahabu Masara, mtu wa koti la ngozi hata jua likiwaka, mtu anayeingia dukani kwako kana kwamba ni yeye anayelipia kodi. Mkewe, Emmaculate, alikuwa akiendesha duka lao dogo la kuchapisha na kutoa kopi, na kuwajazia watu fomu za serikali.

"Mama Ongeri," alimwambia Mellen, kwa jina la mwanawe wa kwanza, "hii kitu inanizimikia kila saa. Customers wanatoroka."

Mellen alifungua kasha. Kwa kawaida hapo ndipo huanza kulaani vumbi. Safari hii aliivuta taa karibu, nami kwa udaku wangu nikasogea kuona. Alumini ya kipozajoto ilikuwa imeota ndevu nyeupe, laini, kama ukungu kwenye mkate uliosahaulika. Chini ya kasha kulikuwa na vitone vya fedha vinavyong'aa, vikivingirika kila meza ilipotikisika. Vilikuwa vizuri, siwezi kudanganya. Nikanyoosha kidole.

"Usiguse! Toka nje! Wote mtoke!"

Nilitoka mbio. Mellen alirudisha kifuniko, akalitia kasha lote kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga, akautia kwenye mfuko wa pili, akaufunga tena. Alilibeba hadi uani, mbali na watu, kisha akafungua milango yote miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nilimzoea akiwaka. Sikumzoea akiwa amepauka hivyo.

"Nani aliweka mekyuri kwa prosesa?" aliuliza.

"Si ni huyo mtu wako, Omanga," Bogonko alijibu. "Pesti ilikuwa imekauka. Alisema ameona kwa simu, wazungu siku hizi wanaweka chuma ya maji, inapoesha kuliko pesti. Akasema hiyo sisi tuko nayo hapa, hata hatuhitaji kununua Nairobi."

Zebaki, ndiyo hiyo mekyuri! Naomba mwelewe ni kosa la aina gani hili. Mahali pengine fundi asiyekuwa na pesti ataweka dawa ya meno, na komputa itaharibika, basi. Ni Masara tu ambako fundi anaweza kunyoosha mkono akapata zebaki haraka kuliko kupata pesti. Huko huuzwa kwa vifuniko vya soda. Akina mama huikoroga kwa mikono mitupu ndani ya beseni ili ikamate chembe za dhahabu kwenye mchanga. Kile chuma cha maji alichokiona Omanga ni madini mengine kabisa, na hata hicho hakiwekwi kwenye alumini, maana huila kama zebaki ilivyoila hii. Lakini yeye aliona kitu kinachong'aa na kumiminika, akasema hiki nakijua.

"Tangu lini?" Mellen aliuliza.

"Wiki tatu."

"Mashine inakaa wapi?"

"Kwa duka. Hapo mezani."

"Nani anakaa mbele yake?"

"Bibi yangu."

Ndipo nikakumbuka, na Mellen akakumbuka. Tulikuwa tumemwona Emmaculate sokoni mwezi uliopita, tumbo likiwa mbele.

"Miezi mingapi?"

"Saba," Bogonko alisema. "Kwani kuna nini? Ni komputa tu."

Hapo hasira ya Mellen ikarudi yote. Alimweleza kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza viazi. Zebaki hutoa mvuke usio na harufu wala rangi. Hata ikiwa baridi hutoa, na ikichemka hutoa zaidi. Prosesa huichemsha kutwa. Feni hupuliza mvuke ule nje ya kasha, kwenye chumba cha mabati chenye dirisha moja, usoni mwa mwanamke mjamzito. Unaingia kifuani mwake, unapita kwenye damu, na haubishi hodi kwa mtoto. "Ni komputa tu!" alimaliza. "Utaniambia tena ni komputa tu?"

Tulifika Masara saa tano kwa gari la Bogonko. Emmaculate alikuwa ameketi dukani mbele ya meza tupu, kitambaa kimefungwa kichwani kwa maumivu. Alisema kichwa kilikuwa kikimuuma kila siku, mdomoni alisikia ladha ya sarafu, na vidole vilimcheza akishika kalamu. Alidhani ni mimba. Kila mwanamke aliyemuuliza alimwambia ni mimba. Mellen alimshika mkono akamtoa nje, akamketisha kwenye benchi la kinu cha kusaga unga cha jirani, akamwagiza abadilishe nguo.

Kisha tukasafisha. Bogonko alileta ufagio, na Mellen akaunyakua na kuutupa barabarani.

"Ukifagia unaisambaza! Hii kitu haifagiwi!"

Alifungua mlango na dirisha, tukangoja hewa ipite. Alitufunga vitambaa puani, ingawa alituambia wazi kwamba kitambaa hakizuii mvuke na hatutakaa ndani muda mrefu. Tulivaa glavu za duka la dawa. Aliweka tochi chini kabisa sakafuni, mwanga ukalala, na vitone vikaanza kung'aa kwenye nyufa za saruji, chini ya meza, hadi kwenye mguu wa kiti cha Emmaculate. Tulivisukuma kwa vipande vya boksi hadi vikaungana, tukavifyonza kwa bomba la matone la dawa ya macho, tukavitia kwenye chupa ya jamu yenye maji, kifuniko kikakazwa. Vilivyobaki vidogo tuliviokota kwa kubandika seloteki na kubandua. Glavu, boksi, seloteki, vyote viliingia kwenye mfuko mmoja uliofungwa. Nilikuwa nimepiga magoti na nilikuwa na hasira ya kulia. Chembe ndogo namna ile, na unajua kwamba kwa wiki tatu mtu alikuwa akipumua juu yake akichapia watu vyeti vya kuzaliwa.

Tulipotoka, Bogonko alikuwa amekusanya wanaume, nao walikuwa wamemleta Omanga wamemshika kola.

"Muuaji ndiye huyu!" Bogonko alipiga kelele. "Anataka kuniulia mtoto! Watu wa Masara mnamwona?"

Naye Mellen aliungana naye. Nasema ukweli, aliungana naye. Alimsogelea Omanga hadi pua zikakaribiana.

"Nilikufunza nini? Miezi minane! Nilikuambia uweke mekyuri mimi?"

"Mwalimu," Omanga alisema, "hiyo mekyuri nimeishika tangu nikiwa kijana. Nimeiweka kwa mfuko. Nimeikoroga na hii mikono. Haijanifanya kitu. Ningejua ni mbaya, ningewekea mama ya watu?"

Alinyoosha mikono yake yote miwili kutuonyesha kwamba ni mizima. Mikono ile ilikuwa ikitetemeka. Haikuwa mitetemo ya woga, maana uso wake ulikuwa umetulia. Vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe, kama vya Emmaculate, ila zaidi. Mellen aliishika.

"Imeanza lini hiyo?" aliuliza, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Gani? Hii? Hii ni ya shimoni, mwalimu. Iko miaka mingi."

Ninamjua Mellen. Niliona jambo likimwingia. Mtu ambaye mkono wake unatetemeka hawezi kuweka punje ya mchele. Hata akijua vipi, hata akipenda vipi.

Kesho yake Mellen alifunga duka kutwa, jambo ambalo hufanya Jumamosi peke yake kwa ajili ya Sabato, tukaenda Homa Bay, kliniki moja ambayo daktari wake alikuwa amewahi kuwatibu wachimbaji. Alimpeleka Emmaculate, na alimpeleka Omanga vilevile, ingawa Bogonko aliapa hataketi gari moja na mtu huyo. Wala hakuketi. Alisema ana kazi, akabaki. Daktari, mama mmoja mpole wa miwani, alimpima Emmaculate, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema unapiga vizuri. Alimpa Omanga kalamu aandike jina lake. Herufi zilitoka kama njia ya siafu. Wote wawili walitoa mkojo, na sampuli zikapelekwa mbali. Tuliambiwa turudi baada ya wiki tatu.

Mellen alinivuta hadi barazani. Chini tuliona ziwa, na kina mama waliokuwa wakigeuza samaki wadogo wa omena juani.

"Nimefukuza mgonjwa, Phanice," alisema. "Nimemwita mzembe mbele ya watu watano. Na huyo mgonjwa akaenda akawekea mama mjamzito sumu kwa sababu mimi nilimnyima pesti." Alikuwa akilia, na kwa kuwa ni Mellen, alikuwa akilia kwa hasira, akiupiga ukuta kwa kiganja.

Hasira, hasara, wanasema, na hasara yenyewe ilikuwa tumboni mwa mtu mwingine.

Wiki tatu zile zilikuwa mbaya. Bogonko alizunguka Masara yote akimtangaza Omanga. Alimshtaki kwa chifu. Alisimama mbele ya kinu cha kusaga mawe akasema mtoto wake akizaliwa na kasoro, kibanda cha Omanga kitachomwa na mwenyewe akiwa ndani. Omanga alifunga kibanda, akawa anakuja kwetu Migori kila siku. Mellen alimpa kazi ya kufungua makasha na kupuliza vumbi kwa mashine, kazi isiyohitaji mkono uliotulia. Hakumfokea hata mara moja. Alinifokea mimi badala yake, nami nikakubali.

Ila kuna jambo moja lilikuwa linatusumbua. Komputa ile ilikuwa uani kwetu, imefungwa kwenye mifuko yake miwili. Duka la Masara lilikuwa limesafishwa na kufungwa, na Emmaculate alikuwa akishinda nyumbani tu, akipumzika kama daktari alivyosema. Kila jioni Mellen alimpigia simu. Na kila jioni Emmaculate alisema kichwa bado kinauma. Wiki ya kwanza tulisema labda mwili unajisafisha. Wiki ya tatu alisema kinauma kuliko mwanzo.

Siku ya majibu, Bogonko alikuja Homa Bay, koti lake la ngozi limepakwa mafuta. Alitaka kusikia kwa masikio yake, alisema, ili awe na maneno ya kupeleka polisi. Tuliingia chumba cha daktari sote watano: Emmaculate kwenye kiti, Bogonko amesimama nyuma yake, Omanga pembeni ya mlango, Mellen kwenye benchi, nami nimesimama kando yake.

Daktari alianza na mtoto. Uzito wake ulikuwa mzuri, alikuwa akicheza. Mengine hayawezi kujulikana mpaka azaliwe, na mengine mpaka akue, kwa hiyo atamfuatilia. Kisha akaifungua karatasi ya majibu.

"Kiasi hiki ni kikubwa," alisema. "Cha Emmaculate kinakaribia cha Bwana Omanga."

"Mmeona?" Bogonko alisema, akimnyooshea Omanga kidole. "Mmesikia daktari?"

"Sijamaliza. Omanga ameshika zebaki miaka zaidi ya ishirini. Komputa ilikaa wiki tatu, na ni wiki nyingine tatu tangu iondolewe. Komputa imeongeza, sikatai. Lakini kiasi hiki si cha komputa peke yake. Hiki ni cha siku nyingi, na kwa kuwa kichwa kinazidi kuuma, bado kinaingia." Alivua miwani. "Dhahabu inachomewa wapi?"

"Daktari, hayo mambo ya dhahabu hayaingii hapa," Bogonko alisema upesi. "Hapa tunaongea huyu mtu na komputa."

"Sijakuuliza wewe, baba. Namuuliza mama."

Emmaculate hakuwa amesema mengi tangu mambo haya yaanze. Watu walikuwa wakifoka juu ya kichwa chake, sisi tukiwemo, na hakuna aliyemuuliza lolote zaidi ya kichwa kinaumaje.

"Jikoni kwangu," alisema. "Wachimbaji wanamletea ile kidonge ya dhahabu na mekyuri. Anaweka kwa kijiko kubwa, juu ya jiko yangu ya makaa. Inachomeka mpaka mekyuri yote inaisha, inabaki dhahabu. Mara tatu kwa wiki, saa zingine kila siku. Tangu anioe. Tunafunga dirisha, wezi wasione."

"Na hizi wiki tatu?"

"Imekuwa mingi zaidi. Duka ilikuwa imefungwa, nikawa tu nyumbani."

Daktari aliandika. Mellen aliinuka, na benchi likaanguka nyuma yake.

"Bogonko! Wiki tatu umetembea Masara ukiita mtu muuaji! Wiki tatu unataka kuchoma kibanda ya mgonjwa, na wewe unachoma hiyo sumu kwa jiko ya bibi yako! Kwa chakula! Nyani haoni kundule, lakini wewe umezidi nyani!"

"Mimi ningejua aje?" Bogonko alipaza sauti naye. "Nani aliniambia? Masara yote inachoma! Baba yangu alichoma! Mnataka kuniwekelea kitu sikujua? Mimi sikujua, daktari. Aki ya Mungu, sikujua."

Nikiri kwamba kwa kitambo kidogo nilimwamini. Omanga hakujua, na tulikuwa tumemsamehe. Kwa nini tusimsamehe huyu? Hata Mellen alikuwa ameanza kuinamia benchi lake ili aliinue.

"Ulijua," Emmaculate alisema.

Hakupaza sauti. Hakugeuka hata kumtazama mumewe, ambaye bado alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Ukishaweka kijiko kwa moto, unatoka nje. Kila siku. Unaenda unasimama huko kwa choo, upande yenye upepo haifiki, na unaniambia mimi nibaki niangalie dhahabu isimwagike. Mtoto wetu Nyatichi akitaka kuingia kwangu unamwita, unamshika mkono mpaka moshi iishe. Kama hukujua, ulikuwa unatoka nje kufanya nini?"

Hata daktari aliweka kalamu chini.

Daktari alichukua kadi ya kliniki, akaandika tarehe ya kurudi, akainyoosha mbele. Bogonko alitanguliza mkono kuipokea. Emmaculate aliiwahi, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Asante, daktari," alisema. "Hiyo siku nitatoka kwa mama yangu. Nitakuja peke yangu."